Kupiga Picha za Nyumbani kwa Filamu na kwa Kamera ya Papo Hapo

Ukitoa kamera katika nyumba ya pwani, kazi zote husimama. Shangazi huiacha nazi juu ya mbuzi na kwenda kubadili kanga, watoto hujipanga kwa kimo, na babu huketi wima kama aliyeitwa barazani kwa mashauri. Desturi hiyo haikuzuka leo, kwani kwa miongo mingi picha ya familia ilifuatwa studio, kama vile Capital Art Studio ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1930, na mtu alikwenda huko akiwa amevaa nguo zake bora. Si busara kushindana nayo. Ninapendekeza uwe na kamera mbili na kila moja uipe kazi yake: ya papo hapo, inayotoa picha ya karatasi yenyewe pale pale, iwape watu picha wanayoitaka, na ya filamu ya milimita 35 ingoje mpaka warudi kwenye shughuli zao.

Anza na ya papo hapo. Paketi ya filamu ya Instax Mini, kamera ya papo hapo ya Fujifilm, ina picha 10, na kila picha ina ukubwa wa milimita 62 kwa 46, kwa hiyo usijaribu kuingiza ukoo mzima. Watu wawili au watatu wanatosha. Simama umbali wa mita moja hadi mbili, kwa sababu ukirudi nyuma zaidi flashi yake ndogo haiwafikii vizuri na nyuma yao hubaki giza tupu. Kidirisha cha kuchungulia kiko pembeni ya lenzi, hivyo unachokiona na kinachopigwa hutofautiana kidogo unapomkaribia mtu. Acha nafasi juu ya kichwa. Picha ikitoka iweke mezani bila kuipunga, kwani dawa imefungwa ndani yake na upepo hauisaidii chochote. Filamu za Polaroid, aina nyingine ya papo hapo, zina rangi tulivu ninayoipenda, lakini hufanya kazi vyema kati ya nyuzi 13 na 28 za Selsiasi, na katika joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa hugeuka manjano au nyekundu. Kwa pwani, chagua Instax.

Mpe aliyepigwa picha yake palepale. Akiisha kuitazama, kuicheka na kuizungusha kwa majirani, atarudi kwenye nazi yake, na hapo ndipo unapochukua kamera ya filamu.

Kwa picha za ndani na za jikoni weka filamu yenye kasi ya 400 (ni namba ya ISO iliyo kwenye pakiti; ikiwa kubwa, filamu huhitaji mwanga mdogo). Tafuta mwanga wa pembeni, kama ule wa mlangoni, wa dirishani au wa barazani, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kwani jua la utosini huyafukia macho kivulini. Jambo linaloharibu picha nyingi za kwetu ni kipima mwanga kinachodanganywa na weupe: kikiona kanzu au ukuta uliopakwa chokaa hupunguza mwanga, na uso wa mtu mweusi hutoka kama kivuli kisicho na sura. Sogea upime mwanga usoni, kisha urudi mahali pako bila kubadili kipimo. Au, kama kamera yako inaruhusu, iambie kwamba filamu ya 400 ni ya 200, ili iongeze mwanga. Filamu ya negativu (ile ambayo picha hutokea kwanza kinyume, penye mwanga pakiwa peusi) huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. (Ya papo hapo haina uvumilivu huo, ukizidisha, uso huungua.) Mikono inayokuna au kusuka huhitaji kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) ya 1/125 ya sekunde, isipokuwa kama unaitaka mikono hiyo ionekane ikipita.

Omba ruhusa, hata kwa mama yako. Ua wa ndani ni mahali ambapo wanawake hukaa bila mtandio, na filamu utakayoipiga humo itapita mikononi mwa msafishaji picha asiyemjua hata mmoja wao. Picha ya papo hapo haipiti kwa mtu wa tatu, basi kwa nyakati hizo itumie hiyo tu, na picha abaki nayo mwenyewe.

Filamu usiiache ndani ya gari. Ihifadhi kwenye friji katika pakiti yake, uitoe saa moja au zaidi kabla ya kuifungua ili unyevu usigande juu yake, na ukiimaliza ipeleke kusafishwa bila kukawia. Dawa ya filamu ya rangi hutumika kwa nyuzi 37.8, na kosa dogo la joto huonekana kwenye rangi, kwa hiyo tafuta maabara inayosafisha filamu mara kwa mara hata kama iko mji mwingine. Unapoikabidhi, sema mapema kwamba unazitaka negativu zako, kwani baadhi ya maabara hutuma picha za kompyuta na kuzitupa negativu. Zile za papo hapo hazina negativu kabisa: ipige kila moja kwa simu kabla ya kuitoa (isipokuwa zile za ua wa ndani), na nyuma yake andika, kwa kalamu isiyofutika, mwaka na majina ya waliomo, akiwemo mtoto ambaye kila mtu anadhani hatasahaulika.