Somo: Kuvaa kipima moyo kwa dalili zinazokuja na kuondoka

Moyo kwenda mbio ghafla mtu akiwa amekaa, kizunguzungu cha nusu dakika au kuzirai kusikojulikana chanzo ni dalili ambazo mara nyingi huwa zimekwisha kabla mgonjwa hajafika kwa daktari. Kipimo cha kawaida cha ECG hurekodi umeme wa moyo kwa takriban sekunde 10, na kikitoka salama hakisemi lolote kuhusu yaliyotokea Jumapili usiku. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa kifaa cha kwenda nacho nyumbani.

Tahadhari kwanza: aliyezirai akifanya kazi nzito au mazoezi, au mwenye maumivu ya kifua au kukosa pumzi, aende hospitali leo hii, asisubiri kufungwa kifaa.

Hatua ya 1: Hesabu dalili kabla ya kulipia

Dalili zikija kila siku, Holta (kirekodi kidogo cha kubeba, chenye nyaya zinazoshikizwa kifuani kwa vibandiko) ya saa 24 au 48 inatosha. Zikija kila wiki au mara chache kwa mwezi, hufaa kibandiko cha kifuani cha hadi siku 14 au kirekodi cha siku 30, na zikipita miezi kadhaa bila kutokea, kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua kwa miaka. Mwenye dalili za mara moja kwa mwezi akivalishwa Holta ya siku moja, uwezekano mkubwa ni kwamba ataambiwa yu mzima na kurudi nyumbani na tatizo lake lile lile, isipokuwa mfuko umepungua.

Hatua ya 2: Siku ya kufungwa

Oga vizuri asubuhi, kwa kuwa ukiwa na Holta hutaoga mpaka ifunguliwe. Usijipake mafuta wala poda kifuani, kwani vibandiko havitashika. Vaa shati au blauzi pana yenye vifungo mbele. Endelea na dawa zako isipokuwa daktari amekuambia vinginevyo.

Hatua ya 3: Daftari

Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kuharibika. Daktari hatafuti tu mapigo mabaya, bali anataka kujua moyo ulikuwa ukifanya nini dakika ile ile uliyojisikia vibaya. Ukiandika “leo sijisikii vizuri”, hujamsaidia. Andika hivi: “Saa 2:40 usiku. Nimekaa, natazama taarifa ya habari. Moyo umeanza kwenda mbio ghafla, dakika 4 hivi, ukaacha ghafla. Kizunguzungu kidogo.” Usiache neno “usiku”, kwa sababu saa ya kifaa itaonyesha 20:40, na msomaji wa majibu anaweza kwenda kutafuta kwenye 02:40 ulipokuwa usingizini. Siku ya kufungwa, linganisha saa ya simu yako na ya kifaa. Kama kifaa kina kitufe cha dalili, kibonyeze mara tu dalili inapoanza.

Mbio zinazoanza na kukoma ghafla zinamwelekeza daktari kwingine kuliko zile zinazopanda na kushuka polepole. Na mapigo yakionekana ya kawaida wakati dalili imekubana, hilo nalo ni jibu: chanzo kitafutwe kwingine.

Hatua ya 4: Ishi kama kawaida

Kama dalili huja ukipanda ngazi au ukibeba ndoo, panda na ubebe, ila kwa kiasi ulichozoea. Aliyewahi kuzirai asiendeshe gari wala pikipiki. Simu isikae mfuko wa shati karibu na kifaa. Kibandiko kikibanduka, kibandike tena na uandike saa.

Maswali ya wanachama

*Assalaam alaykum. Mume wangu atafungwa Holta Alhamisi. Atatawadha vipi, na josho la Ijumaa je?*

Waalaykum salaam, dada. Vibandiko vinakaa kifuani, mahali ambapo maji ya udhu hayafiki; azuie tu maji yasiteremke shingoni, na kifaa akisogeze ubavuni anaposujudu. Kuhusu josho, njia nyepesi ni kuomba siku nyingine kliniki, kama Jumamosi. Hukumu yake muulizeni sheikh.

*Saa yangu ya mkononi inasema mapigo yana hitilafu. Je, bado nahitaji Holta?*

Saa nyingi husoma mtiririko wa damu kwa mwanga, hivyo mkono ukitikisika au mkanda ukilegea huweza kudanganyika. Baadhi hurekodi ECG ya sekunde 30 unapozigusa kwa kidole cha mkono wa pili; rekodi hiyo ihifadhi umwonyeshe daktari, naye ataamua. Saa ikinyamaza, usichukulie kwamba moyo ni mzima.

*Shikamoo. Mama ana miaka 71, majibu ya saa 24 yanasema ana mapigo ya ziada 300. Tuogope?*

Marahaba, mwanangu. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo 300 ni chini ya asilimia moja, na hata watu wenye moyo mzima huwa nayo. Uzito wake unategemea hali ya moyo wenyewe, kwa hiyo ulizeni kama amepimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, na kama nyakati alizoandika mama kwenye daftari zilikutana na mapigo hayo.