Somo: Kufufua Honda CG125 ya zamani nyumbani, rangi iwe ya mwisho

Ukizunguka Tabora, kuanzia Ng'ambo hadi huko Sikonge, hukosi kuikuta CG125 imeegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wamegeuza kiti kitanda. Somo hili ni la mtu aliyerithi moja na anataka itembee tena kwa spana zake mwenyewe. Honda waliitoa 1976 wakilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba gunia na oili inabadilishwa siku ikikumbukwa. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na vijiti, haina cheni ya taimingi ya kulegea, na cheni ya nyuma imefungiwa ndani ya kava zima.

1. Kadi kwanza. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi kabla hujatoa shilingi. Kama jina ni la marehemu, mambo ya mirathi na TRA yaishe kabla ya spana.

2. Kufungua. Piga picha kila upande, hasa njia za waya. Nati ziingie kwenye trei za mayai, kila shimo na kikaratasi chake. Bolti iliyoganda imwagie mafuta ya kupenya, ilale usiku kucha, igonge kichwani kidogo, kisha ikaze kwa nukta moja ndipo uilegeze. Skrubu za kava la injini ni za Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida huzila vichwa, kwa hiyo azima ile ya kugonga kwa nyundo. Kilichooza usikitupe mpaka kipya kiwe mkononi, maana ndicho utakachokwenda nacho dukani kulinganisha.

3. Injini. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa haraka ya kusikia mlio. Pistoni iliyokaa miaka imeshikana na silinda. Ukiruka juu ya kiki unaweza kuvunja ringi au meno ya kiki yenyewe. Toa plagi, mimina oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, iache siku mbili tatu. Kisha weka gia ya juu na sukuma tairi la nyuma mbele na nyuma, taratibu. Ikigoma kabisa, fungua hedi, yaani kichwa cha silinda.

Ukishaifungua, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukucha ukinasa kwenye mchubuko, silinda iende kwa mkerezaji, na ununue pistoni ya saizi ya juu yake. Ukipita laini na mkerezaji akasema kipimo hakijapanuka, ringi mpya zinatosha. Usikubali fundi akuuzie seti nzima kwa sababu tu umefungua.

Kufungia, pima nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi kabisa: 0.08 mm zote mbili, pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga. Platini (vile vigusa vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche) ziachane 0.3 hadi 0.4 mm, mwanya wa plagi 0.6 hadi 0.7 mm. Na jambo la hapa kwetu: chini ya mwembe panafaa kufungulia, hapafai kufungia. Mchanga wa Tabora ukiingia kwenye silinda umejitafutia ringi nyingine. Fungia ndani, juu ya kitambaa safi.

4. Tenki na kabureta. Jaza tenki siki nyeupe, tia nati kuukuu ulizozihesabu, litikise mara kwa mara kwa siku moja au mbili. Mwaga, hesabu nati zote zimetoka, suuza kwa maji yenye magadi kuua ukali, kausha juani haraka, kisha zungushia petroli yenye oili kidogo kabla kutu haijarudi. Maji ya betri usithubutu. Jeti za kabureta zibue kwa upepo au uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Sindano ya kushonea inapanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta milele.

5. Yaliyobaki. Nyingi za mwanzo ni za volti 6: soma kwenye balbu kabla ya kununua betri. Vumbi la breki usilipulize, viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi. Tairi lenye nyufa halina mjadala.

Rangi baadaye, ikishatembea mwezi bila kuvuja.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Urambo:* Shikamoo fundi. Vipuri vya pikipiki za Kichina vinaingia?
Marahaba. Vingi vinaingia, maana injini nyingi za Kichina ni nakala ya CG. Lakini pima. Pistoni ya CG125 ni 56.5 mm, wakikupa ya 150 umepoteza nauli.

*Binti Isevya:* Yangu ni Suzuki A100. Nifuate haya haya?
Hatua za tenki, kadi na breki, ndiyo dada. Ila hiyo ni ya stroku mbili, haina valvu za kupima. Tazama sili za krenki: zikikauka injini inavuta hewa na kupiga kelele yenyewe hata ukiachia mafuta. Na kama huiamini pampu ya oili, anza kwa kuchanganya oili ya 2T kwenye petroli, mililita 40 kwa lita.

*Mzee wa Cheyo:* Kutu ya kromu kwenye ringi za magurudumu inatoka vipi bila kupeleka mjini?
Shikamoo mzee. Karatasi ya foili ya jikoni, uikunje, uichovye maji, usugue. Msasa usiuguse. Palipotoboka hapatarudi, ila sehemu nyingine zitang'aa.

*Kijana wa Urambo:* Na tenki nipulize spreyi ya dukani?
Unaweza, lakini petroli ikidondoka siku ya kwanza tu itaimenya. Mwombe mpiga rangi wa magari akumalizie kwa vanishi ya kuchanganya na hadena.