Jinsi ya Kujua Kama Rubani Mzee Bado Anafaa Kurusha Ndege
Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga haviruhusu rubani aliyetimiza miaka 65 kurusha ndege za abiria za kimataifa kibiashara, lakini haviwekei ukomo wa umri rubani wa ndege binafsi. Kwa huyu wa pili, uamuzi wa kuacha hubaki kwake, kwa daktari wake na kwa wale wanaoruka naye.

Usianze kwa kutazama anavyotua. Mikono iliyotua maelfu ya mara huweza kuendelea kutua vizuri hata akili inapoanza kuchoka, na ndiyo maana wengi hudanganyika. Upungufu huonekana pale mazoea yanapokatizwa. Msikilize kwenye redio: mwongoza ndege akimwambia ashuke hadi futi 4,000, ageukie nyuzi 270, kisha ahamie masafa ya 118.7, je, huyarudia yote matatu, au kila safari la tatu humponyoka? Mkiwa bado chini, mkatize kwa swali akiwa katikati ya orodha ya ukaguzi, uone kama atarejea pale alipoachia au ataruka hatua bila kujua. Kosa la mara moja halithibitishi kitu, kwani hata vijana hukosea. Andika yanayojirudia, pamoja na tarehe zake.

Kisha amwone daktari, akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi, sonona, kukatika kwa pumzi usingizini na hata masikio mazito vinaweza kufanana na akili inayofifia, na mengi kati ya hayo hutibika. Kipimo kifupi cha maswali kisichukuliwe kuwa hukumu, maana msomi anaweza kukipita vizuri huku kasi yake ya kufikiri imeshashuka. Aombe vipimo vya kina vya mwanasaikolojia, vinavyopima kasi hiyo na uwezo wa kushughulikia mambo mawili kwa pamoja, halafu apimwe angani na mkufunzi asiye rafiki yake, ambaye atambadilishia njia ya kutua dakika za mwisho.

Majibu yakisubiriwa, asirushe ndege peke yake. Cheti cha afya kilichotolewa miezi minane iliyopita kinaeleza hali ya siku ile tu, na kanuni humkataza mwenye leseni kuitumia pindi anapojua afya yake imeshuka, hata kama cheti hakijaisha muda.

Mazungumzo yafanyike faraghani, na aanze mtu aliyewahi kuruka naye, akiwa na yale maandishi mkononi. Mzee asiambiwe tu aache. Apewe nafasi ya kuendelea kupanda ndege na rubani mwingine mwenye sifa, mradi ikubaliwe kabla injini haijawashwa kwamba huyo mwingine ndiye rubani kiongozi tangu kuondoka hadi kuegesha.