Kupanga Shahada ya Kwanza ya Hisabati Safi Nchini Uganda: Anza na Mwaka wa Tatu

Kila mwaka, matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, yakishatangazwa, hunijia wanafunzi wawili watatu, mara nyingi wakiwa wamefuatana na mzazi, na mzazi ndiye huanza kusema: "Mwalimu, huyu kijana amepata A ya Hisabati na anasema anataka kusoma hisabati safi. Ataifanyia nini, na aipange vipi?" Swali la kwanza nitaligusa kuelekea mwisho. La pili ndilo linalohitaji karatasi na kalamu, kwani kwa miaka niliyoendesha vipindi vya mazoezi kwa wanafunzi wa chuo hapa Kampala nimewaona vijana wenye uwezo mkubwa wakikwama katika mwaka wa tatu kwa sababu tu ya uamuzi mdogo walioufanya katika mwaka wa kwanza bila kuangalia mbele.

Hatua ya 1: Jua unachokiomba

Waliofanya Hisabati ya kidato cha sita, yenye msimbo P425, wanakumbuka karatasi zake mbili: ya kwanza ya hisabati safi, na ya pili ya hisabati tumizi, yenye takwimu na uwezekano, mbinu za kukadiria kwa namba, na mekanika. Jina la ile karatasi ya kwanza limewapoteza wengi. Humo unaambiwa utafute, ukokotoe, utatue mlinganyo, nawe ukiwa umefanya mazoezi ya kutosha unapata alama zako. Chuoni kitenzi hubadilika na kuwa "thibitisha", na mtu aliyezoea kupigia mstari jibu la mwisho hujikuta mbele ya swali ambalo jibu lake limeshaandikwa ndani ya swali lenyewe, na kinachotakiwa ni sababu.

Jipime kabla ya kujaza fomu. Andika, kwa herufi na si kwa mifano, kwa nini namba witiri ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba witiri. Ukimaliza, ingia katika swali zito zaidi: kwa nini hakuna sehemu ya namba nzima kwa namba nzima ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 2? Ukijikuta umekaa na swali hilo jioni nzima bila kuona muda unavyokwenda, endelea na mwongozo huu. Ikiwa raha yako ilikuwa kumaliza hesabu ishirini kabla ya wenzako, hilo si kosa hata kidogo, ila uhandisi au takwimu vitakulipa zaidi kwa kipaji hicho.

Hatua ya 2: Chuo, pointi na somo la pili

Hapa nitapita haraka. Katika mfumo wa udahili wa vyuo vya umma, gredi A hubeba pointi 6, B pointi 5, na kuendelea kushuka hadi O yenye pointi 1. Kisha masomo ya msingi kwa kozi husika huzidishwa kwa 3, yanayohusiana kwa 2, yanayopendelewa kwa 1, na mengineyo kwa nusu. Kwa hiyo A ya Hisabati, inapohesabiwa kuwa somo la msingi, inakuletea pointi 18 peke yake. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu uliopo tangu 1990. Asiyepata ufadhili wa serikali anaweza kuomba mkopo wa serikali wa elimu ya juu (HESFB), uliowekwa kwa sheria ya 2014, lakini akumbuke kwamba mkopo huo umelenga ada, na kwamba chumba na chakula vinahitaji mpango mwingine.

Soma kwa makini jina la shahada. Makerere ina idara ya hisabati ndani ya chuo chake cha sayansi asilia, na hisabati husomwa pia Kyambogo, Mbarara, Gulu na Busitema, lakini sehemu kadhaa utakuta imefungwa pamoja na ualimu. Hata penye Shahada ya Sayansi ya kawaida, mara nyingi utachukua hisabati pamoja na somo la pili. Wengi hukimbilia uchumi. Maoni yangu ni kwamba kompyuta au fizikia humfaa zaidi anayelenga hisabati safi, ila uzuri wa somo la pili hausaidii kitu ikiwa ratiba yake inagongana na ya hisabati. Ratiba ya muhula uliopita hubandikwa ubaoni idarani. Nenda ukaisome, uipige picha.

Hatua ya 3: Chora mchoro kuanzia mwisho

Nunua karatasi moja ya manila. Omba idarani orodha ya masomo yote ya miaka mitatu pamoja na masharti yake, yaani somo gani ni lazima litangulie lipi. Upande wa kulia wa manila andika masomo ya mwaka wa tatu unayoyatamani, kila moja ndani ya kisanduku: tuseme topolojia, nadharia ya vipimo, uchambuzi wa namba changamano, nadharia ya Galois. Sasa rudi nyuma. Kwa kila kisanduku, uliza kinasimama juu ya nini, kisha uchore mshale kutoka kwenye msingi wake.

Nadharia ya vipimo inasimama juu ya uchambuzi halisi, yaani somo la vikomo, mfuatano na namba halisi lililojengwa upya kwa uthibitisho. Topolojia nayo huazima mifano yake karibu yote kutoka hukohuko. Uchambuzi wa namba changamano unataka uchambuzi halisi pamoja na kalkulasi ya vigeu vingi. Nadharia ya Galois inahitaji aljebra dhahania, yaani makundi, pete na uga, na aljebra dhahania humwelemea mtu ambaye hakushika vizuri aljebra ya vekta na matriksi. Mishale ikishakamilika, ifuate nyuma kila mmoja hadi mwanzo kabisa. Utaona kwamba karibu yote inaanzia katika visanduku viwili tu: uchambuzi halisi na aljebra ya vekta na matriksi. Vizungushie kalamu nyekundu. Masomo hayo mawili hayaahirishwi, hayagonganishwi na lolote, wala hayapangwi katika muhula mmoja na masomo mengine mawili mazito.

Nasema hivi kwa sababu mimi niliahirisha. Katika mwaka wangu wa pili, kipindi cha uchambuzi halisi kiligongana na somo langu jingine. Ofisini niliambiwa hakuna shida, nitalichukua mwaka unaofuata, nami nikafurahi kupata alasiri mbili za mapumziko. Mwaka wa tatu nikakaa katika darasa la topolojia asubuhi, na darasa la uchambuzi halisi mchana wa siku hiyohiyo, nikifundishwa paa kabla ya msingi. Mhadhiri wa asubuhi alikuwa akisema "kama mnavyokumbuka", na mimi sikuwa na la kukumbuka. Nilifaulu kwa shida, na topolojia nilikuja kuielewa miaka miwili baadaye.

Hatua ya 4: Itumie vizuri miezi ya kungoja

Matokeo hutoka kati ya Februari na Machi, na mwaka wa masomo huanza Agosti. Hiyo ni kama miezi mitano, na kwa maoni yangu ndiyo miezi yenye thamani kuliko yote katika mpango huu. Usiitumie kusoma mbele kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Itumie kujifunza kuandika uthibitisho.

Chukua mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mwanafunzi wa kidato cha sita akiulizwa kwa nini mfuatano 1, 1/2, 1/3, 1/4, na kuendelea, unakwenda kwenye 0, atajibu kwamba n ikiwa kubwa sana, 1/n inakuwa ndogo sana. Jibu hilo halina uongo, lakini halijasema "ndogo sana" ni kiasi gani. Chuoni utasema hivi: kwa kila namba chanya ε, kuna namba nzima N ambayo, kuanzia hapo, kila n isiyopungua N hutoa 1/n iliyo ndogo kuliko ε. Uthibitisho wake ni mstari mmoja: mtu akikupa ε, chagua N iliyo kubwa kuliko 1/ε, basi n ikiwa sawa na N au zaidi, 1/n haizidi 1/N, na 1/N ni ndogo kuliko ε. Akikupa 0.01, wewe umpe 101. Akikupa 0.0001, umpe 10001.

Sasa badilisha mpangilio wa maneno mawili tu. Badala ya "kwa kila ε kuna N", sema "kuna N ambayo kwa kila ε". Umeahidi N moja itakayomridhisha kila mdai, na hilo haliwezekani, kwa sababu 1/N ni namba chanya, na mtu anaweza kukupa ε iliyo nusu yake. Kwa Kiswahili tofauti hiyo inasikika waziwazi, na ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba, ingawa mihadhara na mitihani yote ni kwa Kiingereza, wanapoelezana wao kwa wao watumie Kiswahili au Luganda: anayeweza kutamka "kila" na "kuna" mahali panapostahili ameelewa.

Usidhani mtego huu ni wa wanagenzi. Mwaka 1821 mwanahisabati Mfaransa Cauchy, mtu aliyefanya mengi kuliko karibu yeyote kuupa uchambuzi misingi imara, alichapisha dai kwamba ukijumlisha mfululizo wa funksheni zisizokatika, na jumla ikawa na kikomo kila mahali, basi jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 mwanahisabati Abel wa Norway alionyesha kwamba mfululizo sin x − (sin 2x)/2 + (sin 3x)/3 − … unakataa: kila sehemu yake ni laini, lakini jumla inaruka ghafla pale x inapofika π. Leo tunalieleza kosa hilo kwa swali lilelile la mpangilio: je, N inachaguliwa kabla ya x au baada yake?

Lengo la miezi hiyo liwe dogo: uthibitisho mmoja kwa siku, ulioandikwa kwa sentensi kamili katika daftari lisilochanganywa na jambo jingine.

Hatua ya 5: Panga wiki, kisha panga muhula

Muhula una wiki 17, na mbili za mwisho ni za mitihani. Kwa kila saa ya mhadhara wa hisabati, tenga saa mbili ukiwa na kalamu mkononi. Kesho yake, funga daftari uandike upya uthibitisho mkuu wa mhadhara wa jana. Mahali utakapokwama ndipo ambapo hukuelewa, na mara nyingi utakuta ni sharti moja lililoonekana dogo, kama vile "isiyo tupu" au "yenye mpaka".

Tafuta wenzako wawili. Watatu wanatosha, kundi la watu wanane wa hosteli moja hugeuka baraza. Mmoja asimame ubaoni, wawili wamhoji, na anayesema "ni dhahiri" atakiwe kuthibitisha hapohapo.

Kuhusu alama: katika mizani ya 5.00, daraja la kwanza huanzia 4.40 na daraja la pili la juu huanzia 3.60. Wastani huo huhesabiwa kwa uzito wa krediti (credit units) za kila somo, kwa hiyo somo la krediti 4 linakushusha au kukupandisha zaidi kuliko la krediti 3. Liweke lile zito kwenye muhula ambao mengine ni mepesi. Kurudia somo kuna gharama mbili, ya fedha na ya ratiba, na ile ya ratiba ndiyo huvunja mishale ya manila yako.

Hatua ya 6: Mradi wa mwisho

Usingoje mwaka wa tatu kumtafuta msimamizi. Mwishoni mwa mwaka wa pili, mwendee mhadhiri ambaye somo lake ulilipenda, ukiwa na swali moja mahususi. Mada iwe finyu. Kuthibitisha kikamilifu kwamba kila kundi lenye idadi tasa ya elementi huzalishwa na elementi moja, kisha kueleza linavunjika wapi idadi ikiwa si tasa, ni mwanzo bora kuliko kichwa cha habari kinachotaja "matumizi ya nadharia ya makundi". Jifunze LaTeX, programu ya kuandikia hisabati, wakati wa likizo. Ni bure, inakaa katika kompyuta ya kawaida, na mradi wenye alama nyingi za hisabati ukiandikwa kwa programu nyingine utakupotezea usiku mwingi.

Hatua ya 7: Milango ya baadaye

Sasa lile swali la mzazi. Anayetaka kuendelea na masomo ana AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003, ambayo hutoa shahada ya uzamili, na tawi lake la Kigali ni safari ya basi tu kutoka Kampala. Kuna stashahada ya mwaka mmoja ya ICTP mjini Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa 1964. Kuna pia EAUMP, mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, unaoviunganisha vyuo vya ukanda wetu tangu 2002. Anayetaka kufundisha atahitaji stashahada ya ualimu baada ya shahada yake ikiwa hakusoma ualimu. Tangu Julai 2022 mshahara wa mwalimu mwenye shahada anayefundisha sayansi au hisabati katika sekondari za serikali ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wazazi wengi wakifika hapo huacha kuuliza.

Maombi ya aina hii hutaka barua za wahadhiri wanaokufahamu. Mhadhiri mwenye darasa la watu mia moja hawezi kumwandikia barua nzuri mtu ambaye hajawahi kumsikia akiuliza swali. Kwa hiyo, pembeni mwa ile manila, kando ya kila kisanduku chekundu, andika jina la mhadhiri wa somo hilo, na kila muhula hakikisha umefika ofisini kwake angalau mara mbili ukiwa na uthibitisho wako mwenyewe mkononi, hata ukiwa na kosa.