Uchaguzi umekuchosha unataka kuhama nchi? Anzia hapa

Kwanza usiamue usiku wa matokeo. Novemba 2016, Trump akiwa anaelekea kushinda Marekani, tovuti ya uhamiaji ya Kanada ilizidiwa na watu ikaanguka kabisa, na fomu unayojaza saa nane usiku ukiwa na hasira ni nadra sana kukufaa.

Jiulize unakimbia nini hasa. Kama unatafutwa kwa sababu ya siasa zako, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakuhusu, ondoka kwanza maswali baadaye. Ila kama umechoshwa tu na kelele na ndugu kununiana, pole, hasira haina viza, utaingia kwa kazi, masomo au familia, basi.

So angalia mlango gani uko wazi kwako kabla hujaaga watu. Kanada wana mfumo wa pointi unaitwa Express Entry, wanapima umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, na ukishafika 30 pointi za umri zinaanza kushuka kila mwaka, kwa hiyo "nitaona uchaguzi ujao" ina gharama yake. Kama wewe ni daktari au nesi ulizia leseni mapema, mara nyingi cheti hakihami na wewe.

Na kodi jamani! Mmarekani hata ahamie wapi bado anajaza ritani za kwao.

Halafu fuatilia siasa za huko unakoenda, maana na wao wanagombana, tena mara nyingi wanachogombania ni wageni, yaani wewe, na kura huna.