Jinsi ya Kuomba Viza ya Marekani kwa Mkenya Anayekwenda Kutazama Kombe la Dunia 2026

Kombe la Dunia la mwaka 2026 linachezwa katika nchi tatu, yaani Marekani, Kanada na Meksiko, kuanzia tarehe 11 Juni katika Jiji la Mexico hadi fainali ya tarehe 19 Julai mjini East Rutherford, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York. Timu ni 48, mechi ni 104, na kati ya miji 16 ya mashindano, 11 iko Marekani. Kwa hiyo shabiki wa Kenya anayepanga safari hii, hata kama nia yake ni kutazama mechi mbili tu, aghalabu atalazimika kusimama mbele ya dirisha la Ubalozi wa Marekani pale Gigiri, Nairobi.

Kabla ya hatua yoyote, shabiki aelewe kwamba tiketi ya mechi si viza. FIFA imetamka wazi kwamba kununua tiketi hakumpi mtu haki ya kuingia katika nchi mwenyeji. Nimewaona watu wakilipia hoteli na ndege kwanza, tena kwa fedha za chama cha akiba, kisha ndipo wakaanza kuulizia viza. Utaratibu unaolinda fedha zako ni pasipoti, tiketi ya mechi, viza, na ndege mwisho kabisa.

Pasipoti na majina yako

Pasipoti iwe na muda usiopungua miezi sita kuanzia siku unayotarajia kuondoka Marekani. Asiyekuwa nayo aombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, alipe ada, kisha afike mwenyewe Nyayo House au katika ofisi nyingine ya Uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ikikufikia mkononi, itazame vizuri jinsi majina yako yalivyogawanywa. Wengi wetu tunatumia majina matatu, na pasipoti hutenga jina la ukoo upande mmoja na majina mengine upande wa pili. Mgawanyo huo huo, herufi kwa herufi, ndio utakaoufuata katika fomu ya viza na baadaye katika tiketi ya ndege. Usifuate mpangilio wa kitambulisho wala ule uliozoea kuandika shuleni.

Tiketi ya mechi na foleni ya kipaumbele

Nunua tiketi moja kwa moja kutoka FIFA, kwa akaunti yenye jina lako, wala usinunue kwa mtu uliyekutana naye katika kundi la WhatsApp. Mbali na hatari ya kutapeliwa, kuna sababu ya pili. Mnamo Novemba 2025 serikali ya Marekani na FIFA zilitangaza utaratibu unaoitwa FIFA PASS, ambao unamwezesha mwenye tiketi iliyonunuliwa kwa FIFA kupata miadi ya mahojiano ya viza mapema kuliko foleni ya kawaida. Utaratibu huo unaharakisha siku ya miadi tu. Maswali ya afisa ni yale yale na uchunguzi ni ule ule.

Fomu ya DS-160

Hapa ndipo pa kutulia. Viza unayoomba ni ya mgeni wa matembezi, inayojulikana kama B1/B2, na fomu yake ni DS-160, inayojazwa kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa lugha ya Kiingereza. Ukurasa wa kwanza utakupa namba ya maombi inayoanza na AA00. Iandike kwenye karatasi hapo hapo pamoja na jibu la swali la usalama ulilochagua, kwa sababu ukurasa ukikaa takriban dakika 20 bila kuguswa unafungwa, na bila namba hiyo utaanza upya. Hifadhi kazi yako kila unapomaliza sehemu.

Fomu inauliza kazi yako ya sasa na za nyuma, mshahara, wazazi, safari za nje ulizofanya katika miaka mitano iliyopita, majina unayotumia katika mitandao ya kijamii kwa miaka mitano, na kama umewahi kunyimwa viza ya Marekani. Jibu yote kwa ukweli, hata yale unayohisi yatakupunguzia nafasi. Kunyimwa viza zamani si kosa, ila kuficha jambo hilo kunaweza kukufungia mlango kwa miaka mingi. Picha iwe ya rangi, ya mraba, sentimita 5 kwa 5, iliyopigwa ndani ya miezi sita iliyopita, mandhari yake iwe nyeupe, na usivae miwani.

Nasisitiza ujaze mwenyewe, au ukae kando ya anayekujazia na kusoma kila jibu kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma. Binamu yangu alimwachia kijana wa saiba, yaani duka la huduma za intaneti, pasipoti yake na kwenda zake sokoni. Kijana yule, akidhani anamsaidia, aliandika kuwa binamu yangu ni mfanyabiashara mwenye kampuni, ilhali yeye ni mwajiriwa mwenye barua safi ya kazi. Dirishani aliulizwa anafanya kazi gani, akajibu ukweli, na ukweli wake ukapingana na sahihi yake mwenyewe. Mahojiano hayakufika dakika tatu. Aliyebonyeza kitufe ni kijana, lakini anayewajibika kwa fomu ni mwenye jina.

Baada ya kutuma, chapa ukurasa wa uthibitisho wenye picha yako na msimbopau, kwa kuwa utadaiwa ubalozini.

Ada, miadi na mahojiano

Ada ya maombi ni dola 185, hulipwa kwa shilingi kulingana na kiwango cha ubalozi, na hairudishwi hata ukinyimwa. Malipo hayo yanakuruhusu kupanga miadi ndani ya siku 365. Unapopanga, hakikisha namba ya DS-160 uliyoingiza ni ile ile iliyo kwenye ukurasa wako wa uthibitisho.

Siku yenyewe beba pasipoti ya sasa na za zamani, ukurasa wa uthibitisho, barua ya miadi, na ushahidi wa tiketi za mechi. Ongeza barua ya mwajiri inayotaja tarehe za likizo au cheti cha usajili wa biashara, pamoja na taarifa ya benki ya miezi sita. Simu iache nyumbani au kwa mtu. Kuhusu benki, usikope fedha nyingi na kuziweka wiki moja kabla ya mahojiano. Taarifa yenye shilingi elfu kumi miezi mitano na laki tano mwezi wa sita inaleta maswali ambayo isingeyaleta kama ungeiacha ilivyo.

Sheria ya Marekani inamtaka afisa amchukulie kila mwombaji wa viza hii kuwa ana nia ya kuhamia huko, mpaka mwombaji mwenyewe aonyeshe kinyume chake. Karatasi huenda zisiguswe kabisa. Kinachopimwa ni maneno yako. Mtu anayejibu, "Ninakwenda kutazama mechi mbili Philadelphia, nitakaa siku tisa, ninalipia mwenyewe, nina duka la vipuri Nakuru na mke wangu atalisimamia hadi nirudi," amejibu maswali manne kwa pumzi moja. Anayesema anakwenda "kutembea na kuona fursa" amejiumiza bila kujua.

Ukinyimwa, utapewa karatasi inayotaja kifungu cha 214(b), ndicho chenye sheria hiyo ya nia ya kuhamia. Hakuna rufaa, ila unaweza kuomba tena kwa ada mpya, na inafaa kufanya hivyo iwapo tu hali yako imebadilika au fomu ya kwanza ilikuwa na kasoro.

Kwa ndugu wa Tanzania na Burundi

Raia wa nchi hizi mbili hawatanufaika na hatua hizo za ubalozini, na ni haki yao kuambiwa mapema. Kwa matangazo ya Rais wa Marekani, utoaji wa viza za B1/B2 kwao umesitishwa, kwa Burundi tangu tarehe 9 Juni 2025 na kwa Tanzania tangu tarehe 1 Januari 2026. Msamaha uliowekwa kwa ajili ya Kombe la Dunia ni wa wachezaji, makocha na wasaidizi wao, si wa mashabiki. Viza iliyotolewa kabla ya kusitishwa huko na ambayo bado ina muda haikufutwa. Waliobaki watazame mechi za Toronto na Vancouver, au za Jiji la Mexico, Guadalajara na Monterrey. Viza ya Kanada huombwa mtandaoni kwa dola 100 za Kanada, pamoja na dola 85 za alama za vidole. Wachague ndege isiyopitia Marekani, kwa maana nchi hiyo inamdai viza hata abiria anayebadilisha ndege tu.

Viza ikishatoka

Kagua tahajia ya jina, tarehe ya mwisho, na idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia. Aliyepewa mara moja tu asipange kwenda Toronto kisha arudi Dallas. Mkenya mwenye viza halali ya Marekani hahitaji viza nyingine kuitembelea Meksiko, lakini Kanada inahitaji maombi yake.

Sasa ndipo ununue tiketi ya ndege. Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Ukifika, afisa wa mpakani ndiye atakayeamua siku za kukaa, naye ataziandika katika rekodi iitwayo I-94. Ifungue mtandaoni ukiwa bado hotelini na usome tarehe ya kuondoka, kwa sababu hiyo ndiyo inayokubana, wala si tarehe iliyochapishwa kwenye viza.