Uso Mpya, Mashine Ileile: Jinsi ya Kupima Saa Iliyotoka Sasa Hivi

Kati ya Machi na Aprili, maonyesho ya Watches and Wonders yanapofunguliwa Geneva, saa mpya hutangazwa kwa mkupuo. Nyingi kati ya hizo si mpya. Ni saa ya mwaka juzi iliyovishwa uso wa kijani. Kubadilisha rangi ya uso ni kazi nyepesi kiwandani. Kasha jipya linadai vifaa vipya vya kukatia chuma, na kaliba mpya, yaani mashine ya ndani, huchukua miaka. Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha, tafuta ukurasa wa vipimo, kisha tafuta vipimo vya toleo lililotangulia. Viweke ubavu kwa ubavu. Kama namba ya kaliba, kipenyo, unene na akiba ya nguvu (muda saa inaotembea ikiwa imejazwa kisha ikavuliwa) ni vilevile, unachouziwa ni rangi. Si kosa kununua rangi, ila ujue, maana toleo la zamani huenda lingali sokoni kwa pesa kidogo.

Anza na ukubwa

Mtindo wa sasa ni saa kupungua. Tudor ilitoa Black Bay 58 yenye milimita 39 mwaka 2018, kisha Black Bay 54 yenye milimita 37 mwaka 2023. Wengi hufurahia kipenyo wakasahau kipimo kinachoamua kama saa itakaa: urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini, yale masikio yanayoshika mkanda. Saa mbili za milimita 39 zinaweza kupishana milimita 4 hapo.

Usipime mzingo wa mkono peke yake. Weka rula juu ya kifundo, mahali saa inapokaa, upime sehemu iliyo bapa tu. Urefu wa masikio uwe pungufu ya namba hiyo kwa milimita 2 au 3. Kisha kata kipande cha kadibodi chenye kipenyo na urefu huo wa masikio, kishike mkononi kwa utepe wenye gundi, simama mbele ya kioo hatua mbili nyuma. Ukikitazama kwa karibu ukiwa umeinamisha kichwa, kila kitu kitaonekana kikubwa.

Unene nao una sababu zake. Kaliba 7750, iliyomo kwenye kronografu (saa zenye kipima muda) nyingi za otomatiki, ina unene wa milimita 7.9 yenyewe tu. Ongeza uso, mishale, kioo na mfuniko wa nyuma, unafika 13 au 14 bila hila yoyote. Kaliba ETA 2892 ina milimita 3.6, na ETA 2824 ina 4.6. Saa yenye mishale mitatu na 2892 ndani ikiwa na unene wa 13, uliza nafasi iliyobaki imejazwa nini. Uliza pia kama kipimo kilichoandikwa kimehesabu kioo. Wapo wanaopima kasha bila kioo.

Cheni iliyoungana na kasha

Mtindo huu ulianza na Royal Oak ya Audemars Piguet mwaka 1972 na Nautilus ya Patek Philippe mwaka 1976, zote kwa mkono wa mbunifu Gérald Genta. Tissot PRX ya mwaka 2021 iliushusha hadi kwa mnunuzi wa kawaida. Uzuri wake haubishaniwi, lakini una mitego mitatu. Kwanza, pingili ya kwanza ya cheni mara nyingi haikunji vizuri, kwa hiyo urefu halisi mkononi ni masikio pamoja na pingili hizo. Pili, mkanda wa kawaida hauingii; utategemea kampuni ileile hadi mwisho. Tatu, pingili za akiba: ukinunua iliyokwishatumika, zihesabu. Saa iliyopunguzwa kwa mkono mwembamba na pingili zake kupotea inaweza kukugharimu pesa nyingi kabla hujaivaa hata siku moja.

Angalia kifungio pia. Mkono huvimba kwenye joto, na pingili nzima ni hatua kubwa mno kurekebisha tofauti hiyo. Kifungio cha T-fit cha Tudor, kwa mfano, kina nafasi tano ndani ya milimita 8, na hakihitaji kifaa chochote. Kwa maoni yetu hili ndilo badiliko lenye manufaa kuliko yote ya miaka ya karibuni, ingawa halipigwi picha.

Titani na mawe

Titani ina uzito wa karibu nusu ya chuma cha pua. Daraja la 2 ni titani tupu, ya kijivu, na hukwaruzika upesi. Daraja la 5 ina aluminiamu na vanadi ndani yake, ni ngumu zaidi na hukubali kung'arishwa. Ukurasa wa vipimo ukisema "titani" bila daraja, uliza. Skrubu za titani kwenye cheni ya titani huweza kung'ang'ania na kukatika kichwa, kwa hiyo fundi atumie bisibisi yenye upana sawasawa na mfereji wa skrubu, asizungushe kwa nguvu.

Uso wa jiwe, malakiti ya kijani au jiwe la kahawia liitwalo jicho la chui, umerudi kwa kishindo. Jiwe hukatwa jembamba sana na kwa kawaida hubandikwa juu ya bamba la shaba nyeupe au njano. Malakiti ni laini kiasi cha kukwaruzwa na kisu. Usinunue kwa picha ya tangazo, kwa kuwa hakuna vipande viwili vinavyofanana. Dai picha ya saa yenyewe. Ukiishika, elekeza tochi kutoka ubavuni na uchunguze kwa lenzi ya mara 10 kuzunguka tundu la mishale na pembe za dirisha la tarehe. Nyufa huanzia hapo. Kisha uliza swali ambalo muuzaji hapendi: uso huu ukipasuka baada ya miaka minane, kampuni ina mwingine?

Mashine: soma namba zote pamoja

Akiba ya nguvu imekuwa shindano. Muda wa saa 38 wa kaliba 2824 hautoshi mapumziko ya wiki: ukiivua Ijumaa saa 12 jioni, Jumatatu saa 1 asubuhi ni saa 61 zimepita. Ndiyo maana saa 70 zimekuwa kipimo cha kawaida. Lakini nguvu hiyo hutoka mahali fulani. Kaliba Powermatic 80 ilifika saa 80 kwa njia mojawapo ya kupunguza mapigo, kutoka 28,800 kwa saa hadi 21,600, na mapigo machache huifanya mashine iyumbe kwa urahisi zaidi ikitikiswa.

Rolex Land-Dweller ya mwaka 2025 ni mfano wa upande wa pili. Kaliba yake 7135 hupiga mara 36,000 kwa saa na bado ina akiba ya saa 66, kwa sababu eskepimenti, ile sehemu inayoachia nguvu ya springi kidogo kidogo, ni ya muundo mpya uitwao Dynapulse. Hapo kweli kuna kitu kipya. Na kitu kipya kina gharama yake: fundi wa nje hana vipuri wala uzoefu, kwa hiyo matengenezo yote yatarudi kwa kampuni. Kaliba ya aina hii tunashauri iachwe mwaka mmoja au miwili mikononi mwa wengine.

Usahihi nao una viwango vinavyolingana kwa jina tu. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa mashine, huruhusu mashine, kabla haijavishwa kasha, kupoteza sekunde 4 au kuzidi 6 kwa siku. METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, hupima saa nzima na kuruhusu sifuri hadi kuzidi 5, pamoja na kustahimili usumaku wa gausi 15,000 (gausi ni kizio cha usumaku).

Ikiwa imeshapita mkono mwingine

Saa nyingi zinazotafutwa utazipata kwa muuzaji wa saa zilizokwishatumika. Kagua kwa mpangilio huu: kasha, uso, mashine, karatasi.

Kwenye kasha, tazama kingo za masikio. Kiwandani hukatwa kali, na mstari kati ya sehemu ya kung'aa na ya kuparuzwa uwe mnyoofu kama umepigwa kwa rula. Ukiwa umelegea na masikio ya kushoto ni membamba kuliko ya kulia, mashine ya kung'arisha imepita zaidi ya mara moja. Chuma kilichoondolewa hakirudi.

Kwenye uso wa saa ya zamani, soma maandishi ya chini kabisa, karibu na saa 6. "T SWISS T" au "SWISS T<25" humaanisha rangi inayong'aa gizani ni ya tritiamu, kitu chenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12.3. Saa ya mwaka 1975 yenye alama hiyo inayowaka usiku kucha imepakwa upya, iwe uso au mishale. Rangi ya nukta na ya mishale zifanane, au tofauti yake ielezeke. Ikiwa ni ya kabla ya miaka ya 1960 huenda rangi ni radiamu. Haiwaki tena lakini mionzi ipo, kwa hiyo usifungue kasha nyumbani.

Kwa mashine, omba taimugrafu, kifaa kinachosikiliza mapigo ya saa. Zungusha ufunguo mara 30 hadi 40, subiri dakika 10, kisha ingiza pembe ya kunyanyua (namba ya digrii ambayo kifaa hutumia kukokotoa ampilitudi) ya kaliba husika: 50 kwa 2824, 52 kwa Rolex 3135, 38 kwa Omega zenye eskepimenti ya koaksio. Wengi huiacha 52 kwa kila saa. Hapo ndipo Omega inayoumwa, yenye ampilitudi (upana wa mzunguko wa gurudumu la mizani) ya kweli ya digrii 220, inasomeka 300 na kuonekana mzima wa afya. Ikiwa uso umelala juu na springi imejaa, mashine nyingi zisome kati ya 270 na 310. Chini ya 250 mafuta yameanza kukauka au kuna uchafu. Kosa la mapigo, yaani tofauti kati ya tiki na taki, lisizidi milisekunde 0.8. Ikiwa saa inakimbia dakika kadhaa kwa siku, isogeze karibu na dira ya simu kwanza. Sindano ikicheza, ni usumaku, na kuuondoa ni kazi ya sekunde chache.

Karatasi ziwe za mwisho, wala zisikulaze usingizi. Novemba 2021 Omega Speedmaster ya namba 2915-1 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega wenyewe walitangaza kuwa ilikuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Namba ya kasha, namba ya mashine na tarehe ya kutengenezwa vikubaliane na uso na mishale, si na karatasi tu.

Siku ukiipeleka kwa matengenezo, andika kwenye fomu ya kupokelea, kwa maandishi na si kwa mdomo, mambo mawili: kasha lising'arishwe, na uso pamoja na mishale visibadilishwe bila kibali chako. Ongeza kwamba kila kipuri kinachotolewa kirudishwe. Vikirudi kwenye kimfuko cha plastiki, viweke pamoja na risiti. Mnunuzi wa baadaye ataulizia kimfuko hicho kabla hajauliza boksi.